Mgongo wa chini umekosa nguvu: mama wa miaka 56 aanze na mazoezi gani kabla ya msimu wa kilimo?

binti_mpunguzi

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wenye ujuzi, hasa watu wa fiziotherapia.

Mama yangu ana miaka 56, yuko Mpunguzi, Dodoma. Analima karanga na mtama, na ana kipande cha zabibu. Kiuno kinamsumbua mwaka wa pili sasa. Hakuanguka wala hakunyanyua kitu akasikia kimeachia; hali imekuja taratibu. Maumivu yanakaa pale mkanda wa sketi unapopita, kulia zaidi kuliko kushoto, mara chache yanashuka hadi kwenye kalio lakini hayavuki goti. Akipalilia nusu saa, kunyooka kunakuwa shughuli: inabidi ashike mapaja ajisukume juu kwa mikono. Asubuhi anaamka amekakamaa, akitembeatembea panalegea. Hana homa, hajakonda, haja zote ziko sawa, na miguu haina ganzi.

Hospitali alipigwa picha, akaambiwa mifupa ina mabadiliko ya umri tu. Akapewa dawa za maumivu na maneno haya: "Misuli ya mgongo ni dhaifu, fanya mazoezi." Mazoezi gani na mara ngapi, hakuna aliyemwonyesha. Jirani mmoja kamshauri apige tumbo kila asubuhi akishuka tu kitandani. Mwingine anasema avae mkanda, mwingine alale sakafuni.

Nyumbani kuna mkeka, kiti, ukuta na kanga. Tukihesabu hadi mvua za Desemba tuna kama wiki kumi. Aanze na nini, na nitajuaje kama anakosea? Mimi ndiye nitakayemsimamia.

fizio_kati

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Umeeleza vizuri, umeshajibu yale ambayo lazima yaulizwe kwanza. Nayarudia kwa ajili ya wengine watakaosoma, maana ipo migongo isiyotakiwa kuanzishiwa mazoezi nyumbani.

Ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka bila kujua, choo kutoka chenyewe, mguu unaozidi kulegea siku hadi siku: hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, na maumivu yasiyopoa hata ukilala: huku kwetu fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtu anaweza kuwa nacho bila kukohoa hata mara moja. Matibabu yake hutolewa bure, hivyo hakuna sababu ya kuchelewa. Na kwa wafugaji wa Bahi, Chamwino na Kongwa, wanaokunywa maziwa mabichi au kuzalisha ng'ombe na mbuzi kwa mikono mitupu, homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno na nyonga inaweza kuwa brusela. Mgonjwa wa aina hiyo ukimpa mazoezi unampotezea muda.

Mama hana hata moja kati ya hayo. Maumivu kama yake, yasiyo na sehemu moja unayoweza kuinyooshea kidole kwenye picha, ndiyo ya watu wengi: Shirika la Afya Duniani linakadiria ni takribani wagonjwa 90 katika kila 100 wa kiuno. Mazoezi yamo kwenye mambo ambayo mwongozo wa shirika hilo wa Desemba 2023 unayapendekeza. Kwa hiyo ushauri wa hospitali ulikuwa sahihi, ila uliishia njiani.

Kitu cha kwanza kukielewa, kabla ya zoezi lolote: kazi kubwa ya misuli ya kiuno ni kushikilia pingili za uti wa mgongo zisiyumbe wakati mikono na miguu inafanya kazi. Misuli hiyo inashindwa kwa kuchoka zaidi kuliko kwa kukosa nguvu za kunyanyua. Ndiyo maana mtu anabeba gunia asubuhi salama, halafu jioni anashtuka mgongo akiokota kijiko. Tunachotafuta kwa mama ni ustahimilivu, na ustahimilivu unajengwa kwa kushikilia mkao sahihi kwa muda mfupi, mara nyingi. Profesa mstaafu Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ambaye maabara yake ilichunguza uti wa mgongo kwa miaka mingi, anafundisha kutozidisha sekunde 10 kwa kila shikilio, na idadi ishuke kila seti: mara 5, pumzika, mara 3, pumzika, mara 1. Mtu akichoka mkao unaharibika, na mwili ukishazoea mkao ulioharibika, huo ndio utakaoutumia shambani. Bora mara tatu safi kuliko kumi za kulazimisha.

Wiki ya kwanza asifanye zaidi ya haya mawili.

Kukaza tumbo. Alale chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Aweke vidole ndani kidogo ya mifupa ya mbele ya nyonga. Akaze tumbo kama mtu anayetarajia kuchokozwa kwa kidole, kwa nguvu ndogo tu, robo ya anazoweza. Asilivute ndani na asilisukume nje. Aendelee kupumua. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakaza na kubana pumzi, presha inapanda, na wakiachia pumzi tumbo lote linalegea. Kipimo ni kuongea. Mwambie akusalimie au ahesabu mpaka kumi kwa sauti huku tumbo limekaza. Sauti ikikatika, amekaza kupita kiasi.

Daraja. Mkao ule ule, visigino viwe shubiri moja hivi kutoka kwenye makalio, miguu imeachana upana wa nyonga. Akaze tumbo kidogo, abane makalio kwanza, kisha asukume kwa visigino mpaka mabega, nyonga na magoti viwe kwenye mstari mmoja. Asipande zaidi ya hapo. Ashikilie sekunde 5, ashuke polepole, mara 6, apumzike dakika moja, arudie mara 6. Wewe kaa pembeni yake umtazame kwa ubavu. Mbavu zikichomoza juu na kiuno kikapinda, anatumia mgongo badala ya makalio. Mshushe sentimita chache. Makalio ndiyo injini ya kunyanyuka kutoka kwenye kuinama. Yakilala, kiuno kinabeba kazi ya watu wawili, na nadhani ndicho kinachotokea mama anapojisukuma juu kwa mikono.

Wiki ya pili ongeza zoezi la magoti na mikono. Kunja kanga iwe nene chini ya magoti. Mikono iwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, macho yatazame sakafu kidogo mbele ya vidole. Mgongo usiwe umebonyea wala kuvimba. Kaza tumbo, halafu telezesha mguu mmoja nyuma, ncha ya vidole ikibaki sakafuni. Sekunde 5, rudisha, badilisha. Ndivyo tu kwa siku nne au tano. Ukiona nyonga haziyumbi, mguu unyanyuke, lakini usizidi usawa wa nyonga. Ukizidi, kiuno kinapinda na zoezi limeharibika. Baadaye kabisa ndipo mkono wa upande wa pili unanyooka mbele pamoja na mguu. Mwekee kikombe cha plastiki chenye maji kidogo juu ya kiuno. Kikianguka, nyonga imezunguka, na hamhitaji kubishana.

Wiki ya tatu, ubavu. Wanawake wengi wa shamba wana misuli ya mbele na nyuma inayojitahidi, lakini ya ubavuni imesahaulika, na upande wa kulia wa mama unaolalamika zaidi ungeniangalisha hapo. Kwa umri wake aanzie ukutani: asimame ubavu ukielekea ukuta, kiwiko na mkono wa mbele viegemee ukutani usawa wa bega, miguu isogee mbali kama hatua moja, mwili uwe umenyooka kuanzia kichwani hadi visiginoni. Sekunde 8 hadi 10, kulia na kushoto, 5-3-1. Bega likiwa halisumbui baada ya wiki mbili, ahamie mkekani: alale ubavu, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa, anyanyue nyonga mpaka bega, nyonga na goti vinyooke. Nyonga isirudi nyuma. Wengi wanairudisha ili kupunguza kazi.

Yote yanachukua dakika 15. Afanye kila siku kwa sababu uzito wenyewe ni mdogo, lakini si mara tu akiamka. Diski za uti wa mgongo, yaani vile vimto vilivyo kati ya pingili, hunyonya maji usiku zinapokuwa hazijabebeshwa mzigo, asubuhi zinakuwa zimejaa na mgongo ni mgumu kukunjika. Ndiyo sababu sisi sote ni warefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Asubiri saa moja au zaidi, atembee, achemshe chai, ndipo atandike mkeka.

kocha_areaC

Naunga mkono yote. Niongeze kwenye ule ushauri wa jirani wa kupiga tumbo, kwa sababu unasambaa sana hata kwenye vikundi vya jogingi vya hapa mjini.

Kulala chali na kujikunja mpaka kukaa, tena asubuhi diski zikiwa zimejaa, ni kuuchagulia mgongo unaouma wakati mbaya kuliko yote. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi kuna sababu nzito zaidi: mifupa. Mwaka 1984 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 59 wenye mifupa iliyopungua uimara. Katika kundi lililofanya mazoezi ya kujikunja mbele, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Waliofanya ya kunyoosha mgongo walikuwa asilimia 16. Ni utafiti mdogo, lakini tofauti hiyo inatosha kumwambia mama wa miaka 56 aachane na kupiga tumbo. Tumbo lake litafanya kazi kwenye daraja na kwenye magoti na mikono bila kumkunja.

Kitu ambacho ningekiweka siku ya kwanza, hata kabla ya daraja, ni kujifunza kuinama kwa nyonga. Dakika 15 za mkekani haziwezi kushindana na saa sita za kuinama vibaya shambani.

Chukua mpini wa jembe au fimbo iliyonyooka, ndefu kama mita moja. Mama asimame, ashike fimbo nyuma ya mgongo kwa wima, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya kiuno. Fimbo iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini kabisa juu ya mpasuo wa makalio. Alegeze magoti kidogo, kisha asukume makalio nyuma. Kifua kitashuka chenyewe. Ashuke kwa kadiri fimbo inavyobaki imegusa sehemu zote tatu, halafu abane makalio na kurudi juu. Fimbo ikiachia kwenye mfupa wa chini, kiuno kimejikunja. Ikiachia kisogoni, shingo haifuati mgongo. Akishindwa kuelewa "sukuma makalio nyuma", msimamishe hatua moja fupi mbele ya ukuta, akiwa ameupa mgongo, mwambie aguse ukuta kwa makalio bila kukunja magoti sana. Akigusa, asogee mbele vidole vitatu, aguse tena. Watu wengi wanaelewa hapo hapo.

Mara 8, asubuhi na jioni. Sehemu ya nyuma ya mapaja itavuta, ndivyo inavyotakiwa. Kikivuta kiuno, kina kimezidi, apunguze.

Na kutembea. Barabara tambarare, raba au viatu visivyo na kisigino, mikono ikicheza. Aanze na dakika 10 mara mbili kwa siku, kila wiki aongeze dakika tano hadi afike 30, siku tano kwa wiki. Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia uliofuatilia watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea walikaa siku 208 kabla maumivu hayajarudi, na wasiopewa siku 112, kwa kipimo cha kati. Hakuna gharama hapo. Jua letu la Dodoma halina huruma, kwa hiyo atoke kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni.

shamba_darasa

Naomba niende shambani, kwa sababu mama hatalima akiwa amelala kwenye mkeka.

Mpini. Majembe mengi yanayouzwa sokoni yanatiwa mpini mfupi, na mpini mfupi ndio unaoamua mgongo uiname kiasi gani. Kwa palizi, ambapo hauhitaji nguvu nyingi za kupiga, mtafutie mpini mrefu zaidi: akisimama wima na jembe liko chini, ncha ifike karibu na kifua. Kwa kutifua ardhi ngumu mpini mrefu hivyo unapunguza pigo, hapo abaki na wa kufika kitovuni na apate vijana wa kumsaidia. Nunua mti mkavu. Mti mbichi ukikauka jembe linalegea, na jembe linalocheza linamfanya mtu apige kwa nguvu mara mbili.

Palizi ya karanga ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mmea uko chini na mtu anainama miguu imenyooka kabisa. Apige goti moja juu ya gunia lililokunjwa mara nne, goti lingine lisimame, na mkono usiofanya kazi uegemee paja. Akimaliza eneo analofikia, abadilishe goti. Anaona kama anachelewa, lakini hatalazimika kukaa siku mbili nyumbani.

Asiiname mfululizo zaidi ya dakika 20. Kano za mgongo zikivutwa kwa muda mrefu hulegea, na hazirudi kwenye ukazi wake mara tu mtu akisimama. Zinahitaji dakika kadhaa, na kulegea kwingine kunabaki hata baada ya nusu saa. Sasa tazama kinachotokea: mtu anapalilia saa nzima, anasimama, anaita "lete hiyo ndoo", anaiinua. Ndipo kiuno kinapokatikia. Akimaliza kuinama asimame, anyooshe mikono juu, avute pumzi, arudi nyuma taratibu mara tano viganja vikiwa kiunoni, atembee dakika mbili au tatu, ndipo aguse mzigo.

Kung'oa karanga udongo ukiwa umekauka kunavuta mgongo kwa mshtuko. Legeza kwanza kwa jembe pembeni ya shina, kisha ng'oa.

Maji. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kichwani siyo kubaya, hatari iko kwenye safari ya kutoka chini hadi kichwani. Ipande kwa vituo viwili: kwanza juu ya gogo au ukuta mfupi wa usawa wa magoti, halafu wawili waitwike. Bora zaidi ni madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, mzigo uwe sawa pande zote.

Na nyumbani pia: beseni la kufulia lipande juu ya meza au matofali, ufagio wa chelewa ufungiwe fimbo ndefu, deki apige kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mti. Kazi hizi tatu zinamwinamisha kila siku hata msimu ukiwa haujaanza.

mkaazi_kisasa

La kulala sakafuni: mwaka 2003 kulichapishwa utafiti wa Hispania uliolinganisha godoro gumu na la ugumu wa wastani kwa watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wa ugumu wa wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo sakafu haina faida ya ziada. Kama godoro limebonyea katikati, ligeuzeni au wekeni mbao chini yake. Akilala ubavu aweke mto katikati ya magoti, akilala chali mto uwe chini ya magoti. Na asinyanyuke kitandani kwa kujikunja: ageukie ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono.

binti_mpunguzi

Mungu awabariki wote. Fimbo ameielewa kwa njia ya ukuta, kama kocha alivyosema. Nina matatu ya kuuliza.

Kwenye daraja misuli ya nyuma ya paja inakakamaa kwa maumivu makali, inabidi ashuke. Pili, kesho yake asubuhi anasema kiuno kinauma kidogo zaidi. Tuendelee au tusimame? Tatu, ule mkanda wa mgongo upo dukani na jirani anatusukuma tuununue.

fizio_kati

La kwanza. Kukakamaa nyuma ya paja maana yake paja linafanya kazi ya makalio. Angalia visigino, huenda vimeteleza mbali, virudishe karibu. Kisha mwambie abane makalio kabla nyonga hazijaondoka sakafuni, ahesabu mbili, ndipo apande. Kama bado, apande nusu tu. Mara nyingi kunaisha ndani ya siku chache. Kukakamaa huko kukimpata hata usiku akiwa amelala, anywe maji ya kutosha, na akipita zahanati amweleze mganga dawa zote anazotumia.

La pili ni muhimu, nakuomba ulishike. Mpimie maumivu kwa namba, sifuri hakuna, kumi hayavumiliki. Wakati wa zoezi yakibaki 3 au chini, sawa. Yakipanda baadaye lakini yakarudi mahali pake ndani ya saa 24, sawa, mwili unazoea. Yakibaki juu zaidi ya siku nzima, zoezi ni sahihi ila dozi imezidi: kata idadi kwa nusu, usiache kabisa. Kuacha kabisa ndiko kunakomrudisha mtu mwanzo.

Zaidi ya namba, tazama maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka kwenye kalio yakakusanyika katikati ya kiuno, hata kama hapo katikati yanauma zaidi kwa muda, hiyo ni habari njema. Yakianza kushuka, leo kalioni, kesho nyuma ya paja, keshokutwa kwenye kigimbi cha mguu, simamisha zoezi lililoyashusha. Mguu ukiingia ganzi au ukishindwa kusimama kwa visigino au kwa vidole, mpeleke akaonwe. Hapa mjini fiziotherapia ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

La tatu, pesa ya mkanda nunueni raba. Ule mwongozo wa 2023 unashauri mikanda na vifaa vya kubana kiuno visitumike kama sehemu ya kawaida ya matibabu ya maumivu ya muda mrefu. Sikatai kwamba mtu akiuvaa anajisikia kushikwa. Shida ni kwamba anaanza kuutegemea, anaogopa kufanya kazi bila huo, na ile misuli tunayoihangaikia inapata sababu ya kupumzika.

Nigusie jambo moja kwa heshima ya kocha na shamba_darasa, maana tumesema "asiiname" mara nyingi. Mama asije akatoka hapa akiamini mgongo wake ni yai. Kuinama si sumu. Tunapunguza kuinama sasa kwa sababu kiuno kimechokozeka na hakijajenga ustahimilivu. Ikifika wiki ya sita au ya saba, maumivu yakiwa chini, tunaanza kumrudishia kidogo kidogo: aketi kitini, ainame taratibu mikono ikielekea miguuni, mara 5, saa za mchana. Mgongo ambao haujawahi kuinama kwa wiki kumi hautakuwa tayari kwa palizi.

Kuanzia wiki ya sita pia muongezee mzigo, kwa sababu mazoezi ya mkekani peke yake yana kikomo. Dumu la lita 5 lenye maji, mkono mmoja. Alichukue juu ya kiti, siyo sakafuni, atembee hatua 20 bila mwili kulalia upande wowote, alirudishe juu ya kiti, abadilishe mkono. Mara tatu kila upande. Ubavu wa upande usio na dumu ndio unaofanya kazi, ingawa hatausikia sana. Wiki ya nane lita 10, kwa masharti yale yale. Na kusimama kutoka kitini bila kushika mapaja: mara 8, seti mbili, makalio yakirudi nyuma kama alivyojifunza kwa fimbo. Akishindwa, ongeza mto juu ya kiti kiwe kirefu zaidi, kisha uutoe baadaye.

Mtegemee nini? Wiki mbili tatu za mwanzo kinachobadilika ni mwili kujifunza kuamsha misuli kwa wakati, kwa hiyo anaweza kujisikia mwepesi bila misuli kuongezeka. Nguvu zenyewe huonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Mna wiki kumi, zinatosha kumfikisha Desemba akiwa bora, ila siku za kwanza za kilimo asianze na kazi ya kutwa. Siku ya kwanza afanye kwa muda wa saa moja na nusu tu, mapumziko kila baada ya dakika 20, siku inayofuata kazi nyingine isiyo ya kuinama. Wiki inayofuata saa mbili na nusu. Shamba likishashika kasi mazoezi ya mkekani yapungue hadi siku tatu kwa wiki, jioni, kabla ya chakula. Daraja na ubavu abaki navyo. Zoezi la magoti na mikono anaweza kuliacha wiki ambazo magoti yamechoka na palizi.